Makala, Magetsi na Mto Shire

Walimu wa Kiswahili tumekwisha kubishana vya kutosha kama isemwe "makala hii" au "makala haya". Katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi ubishi huo haupo, kwa sababu huko makala si maandishi. Mkongo wa Kivu akisema anakwenda kununua makala, na jirani yake Mchewa naye akisema makala, wote wawili wana maana ya kitu ambacho sisi huku tunakiita mkaa. Mwalimu mmoja wa kambini, mzaliwa wa Bukavu, alinicheka nilipomweleza kuwa nimekuja kutafuta habari za kuandikia makala. Aliniambia kuwa makala nitayakuta sokoni, ila siku hiyo yamepanda bei, maana jana yake magetsi yalizima Lilongwe.

Nilicheka naye, kisha nikabaki na swali. Kuna uhusiano gani kati ya taa zinazozimika mjini na bei ya mkaa katika kambi ya wakimbizi? Jibu lake ni refu kuliko nilivyodhani. Linaanzia kwenye mto mmoja ulio kusini mwa nchi hiyo, na ndilo ninalotaka kuwasimulia wasomaji wa kijarida chetu katika toleo hili.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 40 kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi palikuwa gereza, ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafunga wapinzani wake. Jina lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa "nitaacha", maneno ya mfungwa anayeapa kwamba hatarudia kosa. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, mahali hapo palifunguliwa kwa wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi na nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Kambi ilikusudiwa kuchukua watu elfu kumi na kitu. Leo wamo zaidi ya 50,000. Kwa mwalimu wa lugha hapa ni shamba la ajabu. Kiswahili ni lugha ya soko, ya ibada na ya ugomvi wa kisimani, na hata tamasha kubwa la sanaa lililoanzishwa kambini mwaka 2014 lilipewa jina la Kiswahili, Tumaini.

Maneno ya umeme pekee yangetosha kwa semina nzima. Mtanzania taa zikizimika husema kuna mgao. Mkenya husema stima imepotea. Mkongo wa Dzaleka hutumia neno la Kifaransa, courant, kwa matamshi yake mwenyewe, lakini akizungumza na Mmalawi atasema magetsi. Na Mchewa akilalamikia "kuzimazima kwa magetsi", hakuna Mswahili atakayehitaji mkalimani.

Magetsi hayo, kwa zaidi ya nusu karne, yametoka karibu yote katika mto mmoja, nao ni Shire. Mto huu ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Ziwa Malawi, ambalo sisi Watanzania tunaliita Ziwa Nyasa. Hutoka kwenye ncha ya kusini ya ziwa, hupita Liwonde, kisha huteremka kuelekea bonde la chini na kuingia Zambezi katika nchi ya Msumbiji. Kati ya Matope na Chikwawa, mwendo wa kilomita 80 hivi, mto hushuka mita zipatazo 384 kwa maporomoko yanayofuatana. Hapo ndipo ilipo hazina yote.

Maporomoko hayo yalianza kwa kuonekana kuwa balaa. David Livingstone alipopanda Shire mwaka 1859 alitaka kufika ziwani kwa meli ya mvuke, ile ambayo watu wa pwani waliiita stima. Maporomoko yakamzuia, ikabidi aiache meli na kwenda kwa miguu, akafika ziwani mwezi Septemba mwaka huo. Mwalimu wa isimu hawezi kupita hapa bila kutabasamu. Mahali ambapo stima ilishindwa ndipo ambapo baadaye ilizaliwa stima ya Wakenya.

Lakini kabla ya kuzaliwa kwake mto ulitoa onyo. Kuanzia mwaka 1915 hivi hadi 1935 Shire haikutoka ziwani. Maji ya ziwa yalikuwa yameshuka, mchanga na mimea vikaziba mlango wa mto, na kwa miaka ishirini hivi sehemu ya juu ya Shire ikabaki na maji ya vijito vyake tu. Watu walilima mahali palipokuwa na mto. Mvua zilipozidi, ziwa likajaa tena, na mwishowe maji yakavunja kizuizi na kutoka. Sababu yake si ngumu kuielewa. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia katika ziwa hilo huondoka kwa mvuke, na kinachobaki cha kutoka kwa njia ya Shire ni kidogo. Mvua ikipungua kidogo tu, kile kidogo hupungua sana. Kujenga umeme wa taifa juu ya mto wa namna hii ni sawa na kuishi kwa chenji inayobaki baada ya mwenye duka kulipa madeni yake yote.

Serikali ya Malawi huru ililijua jambo hilo. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya uhuru, lilijengwa pale Liwonde banio kubwa lenye milango ya kuzuia na kuachia maji, likaitwa kwa jina la Kamuzu. Mwaka 1966 kituo cha kwanza cha Nkula kikaanza kufua umeme, megawati 24. Tedzani ilifuata mwaka 1973, ikaongezwa 1977, kisha katikati ya miaka ya 1990. Nkula ya pili ilianza mwaka 1980 na kukamilika 1992. Kapichira ilianza mwaka 2000, na nusu yake ya pili ikaja miaka kumi na mitatu hivi baadaye. Ukiacha kituo kidogo cha Wovwe kule Karonga, kila kituo cha maji cha shirika la umeme kilikuwa ndani ya mteremko ule ule wa kilomita 80. Kwa wahandisi lilikuwa jambo la busara, maana maji yale yale yalifanya kazi mara tatu kabla ya kufika Chikwawa. Lakini lilikuwa na maana nyingine pia: tope likiingia juu, linavitembelea vituo vyote.

Na tope liliingia. Nyanda zinazozunguka Shire ya kati, yaani Ntcheu, Balaka, Neno, Mwanza na pande za Zomba na Blantyre, ni nchi ya wakulima wengi wenye mashamba madogo. Misitu ilikatwa kwa mashamba, kwa kuni, kwa kuchomea matofali, na kwa mkaa uliopelekwa Blantyre. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Malawi iliwahifadhi pia wakimbizi wa vita vya Msumbiji, ambao wakati fulani walifikia kama milioni moja, nao walihitaji miti ya kujengea na kuni za kupikia kama binadamu wengine. Mvua zikinyesha, udongo mwekundu hushuka hadi Nkula. Bwawa la pale lililazimika kuchimbwa tope mara kwa mara, na la Kapichira likaanza kujaa mapema mno kwa umri wake. Pamoja na tope yalikuja magugu maji na visiwa vya mimea vinavyoelea kutoka Liwonde, ambavyo huziba nyavu za kuchujia maji yanayoingia mitamboni. Nchi nzima imewahi kukaa gizani kwa sababu ya majani.

Hapa pana sehemu ya habari hii ambayo mimi nimeiona husemwa nusu nusu. Husemwa kwamba mchoma mkaa huharibu umeme. Ni kweli. Lakini yafaa kuuliza mkaa huo hununuliwa na nani, na kwa nini. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2018, kaya zenye umeme wa gridi nchini Malawi zilikuwa kama moja katika kila kumi, na zaidi ya kaya tisa katika kila kumi zilipikia kuni au mkaa. Hata huyo mmoja mwenye umeme, mara nyingi aliwashia taa na kuchajia simu, kisha akapikia mkaa, kwa sababu umeme haukuaminika. Magetsi yakizima saa moja jioni, ugali, ambao huko huitwa nsima, haungoji. Aliyenunua jiko la umeme hurudi kwenye jiko la mkaa, na muuza mkaa huongeza bei. Mkaa huo ni mti uliokatwa mahali fulani juu ya bonde, na udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi yake sasa uko njiani kwenda Nkula. Basi umeme unaokatika huzaa mkaa, na mkaa huzaa umeme unaokatika.

Ninapaswa kuwa mwangalifu hapa, kwa kuwa si kila mkaa hufanya kosa lile lile. Mkaa wa Blantyre ndio unaohusika moja kwa moja na tope la mitambo. Mkaa wa Lilongwe kwa miaka mingi umetoka zaidi katika msitu wa hifadhi wa Dzalanyama, kusini-magharibi mwa mji, kwenye mpaka wa Msumbiji. Mwenye sikio la Kibantu atalitambua jina hilo, "pamejaa nyama", japo wanyama wenyewe wamepungua sana. Dzalanyama, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,000, ndio chanzo cha mto Lilongwe, na mabwawa mawili ya Kamuzu yanayouletea mji maji ya kunywa yako juu ya mto huo. Kutoka mjini mto huingia Linthipe, na Linthipe huingia ziwani upande wa Salima, ukiwa umebeba udongo mwingi. Udongo huo haufiki Nkula. Hubaki ziwani na kuyaharibia samaki mazalia. Yaani mkazi wa mji mkuu, akinunua gunia la mkaa kwa sababu ya mgao, hulilipia kwa maji ya bomba na kwa samaki. Katikati ya miaka ya 2010 serikali iliwapeleka wanajeshi kuulinda msitu huo. Mwaka 2017 ukatolewa mkakati wa taifa kuhusu mkaa, na mwaka 2020 sheria ya misitu ikaongezewa makali. Baiskeli zenye magunia bado zaingia mjini.

Dzaleka nayo iko katika bonde la ziwa hilo hilo, na kadhia yake ni ya namna yake. Mkimbizi haruhusiwi kuwa na msitu, na kwa sera ya Malawi anatakiwa kuishi kambini. Mwaka 2023 serikali iliitekeleza sera hiyo kwa nguvu na kuwarudisha kambini wengi waliokuwa wakifanya biashara mijini. Watu wakaongezeka, vijiti vya kuni havikuongezeka. Wanawake wanaokwenda kutafuta kuni nje ya kambi hukutana na wenyeji ambao nao miti yao imekwisha, na ugomvi hauhitaji kuelezwa. Miche hupandwa kila msimu wa mvua, mingine huota, mingine huliwa na mbuzi.

Lakini wakazi wa Dzaleka waliotoka Kivu wanaijua hadithi hii kabla ya kufika Malawi. Wametoka kwenye mto uliofanana na Shire kama pacha. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu pale Bukavu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, na juu yake viko vituo viwili vya umeme: cha kwanza cha mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na cha pili cha mwaka 1989, ambacho huhudumia Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kule kinachoziba mitambo siku hizi ni chupa na mifuko ya plastiki inayosukumwa na mvua kutoka milima ya Bukavu hadi ziwani, kisha hadi kwenye mlango wa mto. Mwalimu wangu wa Bukavu alipoelezwa habari za magugu ya Liwonde hakushangaa hata kidogo.

Si kwamba Malawi ilikaa tu. Mwaka 2011 ilitia saini mkataba na Marekani wa dola milioni 350.7 kwa ajili ya umeme, uliosimamishwa mwaka 2012 kwa sababu za kisiasa, kisha ukatekelezwa kuanzia 2013 hadi 2018. Fedha nyingi zilikwenda kwenye vituo na nyaya, ikiwemo kukarabati Nkula ya kwanza na kujenga njia kubwa ya kuleta umeme wa kusini hadi pande za Lilongwe. Sehemu ndogo ilitengwa kwa ajili ya magugu, tope na vijiji vya juu ya bonde. Benki ya Dunia nayo, kuanzia mwaka 2012, iligharimia programu ya kusimamia bonde zima la Shire, na ndani yake banio la Liwonde likajengwa upya hadi 2018. Kwa mara ya kwanza mkulima anayechimba matuta kwenye kilima cha Ntcheu aliingizwa katika hesabu ya umeme. Hilo ni badiliko kubwa, japo lilikuja miaka karibu hamsini baada ya Nkula. Kabla yake mto ulikuwa ukihesabiwa kana kwamba unaanzia mlangoni mwa mtambo. Jiko la mama wa mjini, kwa maoni yangu, halijaingizwa vya kutosha mpaka leo.

Wakati banio likijengwa, ziwa lilikuwa limeshuka. Miezi ya mwisho ya 2017 umeme uliofuliwa ulipungua kufikia karibu nusu, na watu walikaa gizani mchana kutwa na usiku. Miaka michache baadaye ikaja shida ya upande wa pili. Januari 2022 kimbunga Ana kilileta mafuriko yaliyobomoa bwawa la Kapichira, na megawati 129.6 zikapotea kwa siku moja, zaidi ya robo ya uwezo wa nchi. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kabla kituo hicho hakijaanza kurudi, na wakati huo huo, Machi 2023, kimbunga Freddy kikaua mamia ya watu kusini mwa nchi, wengi wao kwenye miteremko ya Blantyre. Maji yakipungua umeme hukosekana, yakizidi hukosekana vile vile. Kilimani kusipokuwa na mti wa kuyachelewesha, maji huja yote kwa pamoja kisha hayaji tena.

Nasi tusijione wajanja. Miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka na mgao ukatusumbua Mtera na Kidatu, lawama zilipelekwa kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakahamishwa kutoka Ihefu. Watafiti walipochunguza walionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa nayo ilichangia mgao. Wa juu ya mto huonekana kwa urahisi akiwa na ng'ombe au gunia la mkaa. Mwenye kushika ufunguo wa mlango wa bwawa huonekana kwa shida.

Sasa Malawi inajiandaa kwa Mpatamanga, kati ya Tedzani na Kapichira, mradi wa megawati 358.5, karibu sawa na uwezo wote wa zamani. Una mabwawa mawili: kubwa la kuhifadhi maji ya saa za jioni, na dogo chini yake la kuyatuliza kabla ya kuyaachia mtoni, ili wavuvi na wakulima wa bonde la chini wasipate mto unaopanda na kushuka kila siku. Huko chini kuna Bwawa la Tembo, kinamasi kikubwa kilichoingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya dunia, ambako maelfu ya watu huishi kwa samaki. Pale Kapichira nao mfereji wa umwagiliaji wa bonde la Shire unachukua maji yake kabla ya mtambo. Kila tone sasa lina madai matatu au manne, na jua limeanza kusaidia kidogo: mashamba ya umeme wa jua ya Salima na Golomoti yameingia kwenye gridi tangu miaka ya mwanzo ya 2020.

Hilo bwawa dogo la Mpatamanga, kwa Kiswahili tuliiteje? Nilijaribu "bwawa la kusawazisha". Mwalimu wa Bukavu alilikataa, akapendekeza "bwawa la kutuliza", maana maji, alisema, hayasawazishwi, hutulizwa. Nimelichukua neno lake, na hapo juu nimelitumia. Tulikuwa tumesimama sokoni kambini, karibu na mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akipima makala kwa kopo la rangi. Nikamuuliza mama yule makala yake yametoka wapi. Akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Lilongwe, kisha akaniuliza kama kule nilikotoka magetsi yamerudi.